Betri Iliyoanikwa na Kahawa

Niliisikia kabla sijaona chochote. Umeme ulikuwa umekatika Itaka yote, na mimi nilikuwa nimeshushwa barabarani na begi langu, napapasa njia katikati ya mibuni, nikiijua nyumba yetu kwa harufu tu: moshi wa kuni na maganda ya kahawa yanayochacha kando ya mashine ya kumenyea. Ndipo ikalia. Ti-ti-ti. Kimya kidogo. Ti-ti-ti. Sauti nyembamba, isiyo na aibu, ya simu ya bei rahisi. Ilitokea chumbani kwa baba, na baba tulikuwa tumemzika kabla kahawa haijaanza kuiva.

Nilisimama na mguu mmoja mbele. Baridi ya Mbozi ya miezi ile hupandia kwenye nyayo, lakini iliyonipata haikutoka ardhini. Kisha nikasikia kandambili za mama zikiburuzwa sakafuni, mlio ukakatwa, na sauti yake ikasema taratibu, kama anayemjibu mtu aliyelala: "Haya, nimesikia. Saa moja imefika."

Simu yenyewe ilikuwa kitochi, moja ya zile simu ndogo za vitufe zenye taa kichwani. Baba alikitumia kwa mambo mawili: kumulika njia alfajiri akienda kuangalia kahawa aliyoiloweka, na kumbip dada yangu. Dada ndiye mtoto wa kwanza kwetu. Yuko nchi ya mbali yenye baridi kuliko yetu, anahudumia vikongwe katika nyumba ya wazee, na zamu yake humalizika wakati kwetu giza linaingia. Kwa hiyo baba alitega kengele saa moja jioni. Ikilia, anabip mara moja, anakata, halafu anakaa na simu mapajani kama mtu aliyepanda mbegu akaamua kuingoja palepale. Dada anapiga. Swali la kwanza halikubadilika hata siku moja.

"Umekula nini?"

Dada hutaja chakula cha huko.

"Hicho si chakula," baba husema, na mazungumzo yao huanzia hapo.

Baba alipofariki, karatasi za dada za kuishi kule zilikuwa hazijakamilika. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi. Alimzika baba kupitia simu yangu, niliyoinyanyua juu ya vichwa vya watu mpaka mkono ukafa ganzi, na tangu siku ile akipiga alitoa salamu tu, akauliza hali ya mvua, akakata. Mama alisema, "Huyu hajalia. Kilio amekimeza, na kilio ukikimeza kinakaa."

Nyumbani kwetu, mtu mzima akifa, mlango wa chumba chake haufungwi. Unaachwa wazi na jiwe huwekwa chini kuuzuia, mpaka kila mtoto wake apokee mkononi fungu lake la vitu vya marehemu. Sijui kama ni desturi ya Wanyiha wote au ni ya ukoo wetu peke yetu. Mchungaji akipita huliangalia lile jiwe kama asiyeliangalia. Bibi alinieleza nikiwa mdogo kwamba marehemu anakaa kwanza, anangoja ahakikishe kila mtoto ameshika kitu chake. Akishaona, anatoka, na mlango unafungwa nyuma yake. Kabla ya hapo mjane halali chumbani humo.

Kwa hiyo mama alikuwa akilala sebuleni, kwenye mkeka, karibu na mlango wa nje ambao haujawahi kukaa sawa kwenye fremu yake. Huo ndio msimu ambao asubuhi majani huwa meupe kwa ukungu. Kikohozi kilikuwa kimemwingia na hakikuwa na nia ya kutoka. Kaka yangu alishapokea koti. Mimi nilishapewa mkasi wa kupogolea mibuni, mimi ambaye hata kucha zangu huzipogoa vibaya. Lililobaki ni fungu la dada, na siku ya kugawa mama alikuwa amemkatalia baba mdogo, aliyetaka kumpa simu ile mjukuu akachezee.

"Hii ni ya aliye mbali," alisema. "Kwa sababu yeye ndiye ambaye ilikuwa inamwita."

Nilikuwa nimekuja kuichukua niipeleke posta Tunduma, ninakoishi.

Asubuhi nilimkuta mama kwenye vichanja, zile meza ndefu za wavu tunazoanikia kahawa. Alikuwa anaigeuza kahawa kwa viganja, taratibu, akitoa punje zilizovunjika na kuzitupa nyuma ya bega bila kutazama. Katikati ya punje zile, juu ya kipande cha kanga, palikuwa na kitu cheusi cha pembe nne. Nilidhani ni kipande cha sabuni. Mama alipofika hapo akakigeuza nacho, akakipangusa vumbi, akaendelea.

"Ni betri ya baba yako," alisema. "Kila asubuhi naitoa, jioni nairudisha. Safari ni ndefu. Nataka ifike kule ina nguvu."

Nami sikuona ajabu. Nimekulia nyumba ambayo mawe ya redio, zile betri zake nene, yakichoka hayatupwi. Yanapangwa juu ya bati, yanakula jua kutwa nzima, na usiku redio inazungumza tena, kwa sauti ya mgonjwa, mpaka taarifa ya habari iishe. Mama alikuwa ameifufua redio hiyo mara nyingi kuliko mtu yeyote kijijini. Kama kuna mtu aliyestahili kukabidhiwa betri, ni yeye. Niliichukua kutoka kwenye wavu. Ilikuwa ya moto kama yai lililotoka chini ya kuku, na tumbo lake lilikuwa limetuna.

"Imenenepa," nikasema.

"Imeshiba," mama akasema.

Kifuniko cha nyuma cha simu kilikataa kufunga. Mama akakata utepe wa mpira wa baiskeli, akakifunga nao, akaizima simu, akaitia kwenye soksi mpya nyeupe, kisha akaenda kuoga. Nilimwambia ningeweza kuipeleka peke yangu. Alitoka amevaa kitenge cha kanisani.

Tunduma ilitupokea kwa malori yake, moja nyuma ya jingine mpaka macho yachoke, madereva wamekaa kwenye vivuli vya matairi wakipika ugali kwa majiko ya gesi. Mama alishika mkono wangu kama mimi ndiye nitakayepotea. Posta palikuwa na watu wachache. Aliyekaa dirishani alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na aliinuka kidogo kwenye kiti alipomwona mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta fungu la mtoto."

Yule mwanamke akanitazama. Nikamweleza: ni simu ya marehemu baba, inakwenda kwa dada, nje ya nchi, kwa ndege.

"Poleni sana." Aliipokea kwa mikono miwili, na kwa hilo tu mama akampenda. "Ina betri ndani?"

"Inayo," mama akasema, "tena imeshiba jua."

Mwanamke alitoa soksi. Akavuta utepe wa mpira. Kifuniko kiliruka kama kimesukumwa na kidole, na betri ikajitokeza, imebinuka, inang'aa. Aliiweka mezani polepole sana na kurudisha mikono yake.

"Yesu wangu. Mama, hii imevimba."

"Ilikuwa imedhoofu. Nikaianika."

Nyuma yetu palikuwa na kijana wa kubadilisha fedha, mfuko wa noti kiunoni. Akacheka hadi akashika ukuta. "Mama kaifanya betri dagaa! Kesho atakaanga!"

"Kaka," mwanamke wa dirishani akasema bila kunyanyua sauti, "zamu yako ikifika utacheka. Sasa hivi ni zamu ya mama." Kisha akamgeukia mama. "Hata bibi yangu kule Ileje alikuwa anaanika. Juu ya bati, eti?"

"Juu ya bati," mama akasema, kwa sauti iliyokuwa imepungua.

"Zile za redio hazina neno. Hizi za simu ni za lithiamu. Ndani mna moto umekunjwa. Zikipata joto sana, au zikigongwa, au zikivimba hivi, ule moto unaweza kukunjuka wenyewe. Ukikunjukia hapa, tutamwaga mchanga tukimbie. Ukikunjukia kwenye tumbo la ndege, katikati ya magunia ya barua, hakuna wa kukimbia. Kwa hiyo iliyovimba hatupokei kabisa. Hata ikiwa ndani ya simu."

Mama aliitazama betri. Nikaona anavyoitazama, kama mtu aliyemlisha mtoto kitu kwa upendo na sasa anaambiwa ndicho kilichomuumiza.

Nikauliza haraka mimi. "Tukinunua mpya?"

"Mpya sawa, kwa nchi hiyo tunapokea, mradi iwe imo ndani ya simu yenyewe, na simu imezimwa, haiwezi kujiwasha njiani. Betri iliyotolewa, ikakaa peke yake pembeni, hapana, hata iwe imetoka kiwandani leo."

Nikashusha pumzi. Tunduma betri za kitochi zinauzwa kama karanga. Nilikuwa nimeshaanza kugeuka niende kutafuta, mama akasema, "Ila saa moja italia."

"Nini kitalia, mama?"

"Hiyo. Saa moja jioni."

"Imezimwa lakini?"

"Hata ikiwa imezimwa hujiamsha. Inalia, halafu inalala tena." Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Lakini mama hajui kumficha mtu aliyempokea kwa mikono miwili.

Mwanamke alivua miwani. "Sasa hiyo ndiyo inaitwa kujiwasha. Ilie ndani ya gunia, juu angani, watu wasikie mlio kwenye mzigo... Hapana, mama. Basi ondoeni kengele. Dada ataiweka mwenyewe akiipata."

Mama aliirudisha simu kwenye soksi. "Mwanangu, kengele ndiyo fungu lenyewe. Aliiweka baba yake kwa kidole chake. Ukiitoa, namtumia mtoto kopo."

Mwanamke hakusema kwamba sheria ni sheria, wala hakuwaita waliofuata. Alisema, "Nakuelewa. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo. Lakini siwezi kuipokea." Akatufungia betri kwenye gazeti, akatuonya tusiibane, tusiiweke mfukoni.

Baba mdogo, mdogo wake baba, ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na mpaka. Upande wa pili wa barabara yake ni Nakonde, Zambia. Wateja wake nusu wanasema Kiswahili na nusu Kibemba, naye huwadanganya wote kwa lugha zao. Tulimkuta anamsindikiza mwanamke mmoja wa ng'ambo aliyekuwa amekasirika.

"Eya, mukwai, kesho. Kesho kabisa, ba mayo," alimwambia, akiitikia ndiyo na kumwita mama kwa Kibemba. Alipomwona mama akafungua mikono. "Shemeji! Umeshuka mjini kutafuta mchumba? Mimi nipo, na ukoo unaniruhusu."

"Mchumba mwenyewe hana meno ya pembeni."

"Ya mbele yanatosha kutabasamia." Alifunua gazeti, akaiona betri. "Aisee. Hii ina mimba ya nani?"

Siku nyingine mama angemjibu. Mashemeji hawa hutaniana hata makaburini. Safari hii alikaa kwenye kiti cha mteja na kukohoa, akakohoa mpaka baba mdogo akaacha kutabasamu. Nikamweleza yote yaliyotokea posta.

Akatafuna kalamu. "Jambo dogo. Navuka nayo ng'ambo. Pale nina mtu, ana duka la kutuma mizigo, hawafungui fungui. Tunaitia betri mpya, kengele iliyomo inabaki, tunaandika nguo. Au hata hiyo ya marehemu, kama shemeji anaitaka hiyohiyo: tunaizungushia soksi mbili tatu, tunaizika kwenye unga. Nani ataona?"

Mama akainua uso. "Kwenye ndege kuna nani?"

"Mizigo, shemeji."

"Na anayeiendesha?"

"Rubani."

"Ana mama?"

Baba mdogo akaiweka kalamu mezani.

"Basi," mama akasema.

Lori lilipita, kibanda kikatetemeka, skrini zilizoning'inia zikagongana. Mama alianza kusema, si kwetu hasa, alisema kwa Kinyiha, akiangalia mikono yake. Kwamba aliitoa kila asubuhi umande ukishakauka. Kwamba aliigeuza pamoja na kahawa ili jua lisile upande mmoja. Kwamba baba alikuwa akisema hakuna anayejua kuanika kama yeye. "Nilitaka ifike ina nguvu," alisema. "Mtoto yuko peke yake kule."

Nilimshika bega.

Baba mdogo alijaribu kwa upole. Kulikuwa na njia nyingine, alisema: kutuma simu bila betri kabisa. Simu tupu ni kama sahani, posta hawana tatizo nayo. Betri za aina ile zimejaa duniani, dada atapata huko huko. "Tatizo moja tu. Simu hizi zikikaa bila betri, nyingine zinasahau. Saa inapotea, kengele inapotea, kila kitu. Nyingine zinakumbuka. Hii sijui iko kundi gani. Ikisahau, shemeji, ndiyo imesahau. Hatuwezi kuirudisha, tutaweka nyingine ya kwetu."

"Itakuwa ya kwetu," mama akarudia. "Siyo ya kwake."

Alikuwa bado ameshika soksi mapajani, anaibonyeza kwa vidole. Kisha vidole vikasimama.

"Lakini hukaa bila betri," alisema.

"Nani?"

"Si hii! Kutwa nzima hukaa ndani ya kabati, tumbo wazi, betri iko juani. Jioni naitia. Inaniuliza, saa ngapi? Naiwekea saa kwa kuangalia simu yangu. Halafu saa moja ikifika, inalia. Sijawahi kuitega mimi. Hata kuitega sijui." Alimtazama baba mdogo, akanitazama mimi. "Saa inasahau. Kengele haisahau."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisikia, gizani, jioni ya siku ambayo betri ilishinda kwenye kichanja. Baba mdogo akaangua kicheko, akaipiga meza kwa mkono. "Shemeji! Kwa hiyo umeifanyia majaribio msimu mzima, unatuacha hapa tunahangaika?"

"Nimeianika," mama akasema. "Nyie ndio mnaita majaribio."

Hata hivyo hakuinuka mara moja. Lilibaki jambo ambalo baba mdogo na mimi hatukuliona, kwa sababu sisi tulishakuwa tumemaliza. Fungu huwa linatolewa likiwa kamili. Koti lilikwenda na vifungo vyake vyote. Kimoja kilichokuwa kimepotea mama alikitafuta chini ya kitanda mpaka akakipata. Sasa alikuwa anapeleka simu yenye shimo. Aliigeuza, akaangalia lile tundu ambamo betri hukaa, kwa muda mrefu kidogo, na sikuthubutu kumharakisha.

Mwishowe aliomba mkasi. Akashika pindo la kitenge alichovaa, kile cha kanisani, akakata kipande, akakikunja mara mbili, akakilaza ndani ya tundu. Kikaenea. Kifuniko kikafunga bila mpira.

"Ajue palikuwa na kitu hapa," alisema, "na kwamba kilibaki nyumbani."

Nyuma ya kibanda baba mdogo ana ndoo ya bati yenye mchanga. Humo ndimo anamolaza betri zilizovimba na zilizotoboka, mbali na jua, akingojea mtu anayepita kukusanya. Anawaita marehemu wake. Mama hakukubali aipeleke yeye. Alikwenda mwenyewe, akafukua kwa kidole, akailaza, akaifunika. Akakaa amechuchumaa hapo kidogo. Niliangalia pembeni, upande wa Zambia, ambako mtu alikuwa anavusha mbuzi.

Yule mwanamke wa posta alikuwa anafunga droo tulipofika. Alifungua kifuniko, akakiona kitambaa, akakinyanyua kwa ukucha, akakirudisha.

"Hakuna betri."

"Hakuna."

"Na kengele?"

"Imo," mama akasema. "Imelala. Haiwezi kuamka mpaka mtoto aiamshe."

Akaifunga vizuri, tabaka kwa tabaka, akaandika, akagonga muhuri. Niliona anapogonga kwamba alikwepa upande wenye simu.

Ukafuata wakati wa kungoja. Nilirudi na mama Itaka nikabaki huko, nikisema moyoni kwamba ni kwa ajili ya kusaidia kahawa, ingawa kila mtu aliyeniona nikigeuza kahawa aliniomba niache. Mama aliendelea kulala sebuleni. Kikohozi kilishuka kifuani na kupata sauti nyingine. Nilimwomba akalale chumbani, hata kwenye kitanda cha pembeni. Alinitazama kama niliyemwambia aende kanisani bila nguo. Mlango wa baba ulikaa wazi na jiwe lake. Jioni giza likiingia mama aliinuka kwenye kigoda, akafika hadi kwenye ule mlango, akakumbuka kwamba hakuna cha kunyamazisha, akarudi. Sikujua kwamba kimya kinaweza kuwa na saa yake maalumu.

Dada alituma ujumbe kwamba mzigo umefika. Nikamsomea mama. Hakugusa jiwe.

"Amepokea karatasi ya kufungia," alisema. "Ashike kwanza fungu lenyewe, kengele."

Ujumbe wa pili ulisema hana betri ya kufaa, maduka ya huko yanamshangaa, simu ya aina hiyo wanaiona kwenye picha. Wa tatu ulikuwa mrefu kidogo: mzee mmoja anayemhudumia, asiyeweza hata kutembea, alimwelekeza kwa fundi fulani nyuma ya stesheni, mhamiaji kama yeye, na fundi yule alipoiona simu alisema baba yake mwenyewe anayo moja.

Jioni hiyo tulikuwa jikoni. Simu ya mama ikaita. Niliiwasha spika. Dada hakutoa salamu, wala hakuuliza mvua.

"Mama, nimeiwekea saa za nyumbani," alisema. "Siyo za huku. Za nyumbani. Ngojeni."

Tukangoja. Tulisikia pumzi yake, gari linapita mbali kwenye barabara tusiyoijua, maji yanadondoka mahali. Kisha, kutoka upande wa pili wa dunia, nyembamba, bila aibu yoyote: ti-ti-ti. Kimya kidogo. Ti-ti-ti.

Dada akalia. Alilia kwa sauti, kama walivyolia wengine wote siku ile alipokuwa amenyanyuliwa juu ya vichwa vyetu, na kengele ikaendelea kulia pamoja naye kwa sababu hakuna aliyeikata. Mama hakumwambia nyamaza. Aliisogeza simu karibu na mdomo wake, machozi yanamshuka, akamwacha mpaka akachoka, mpaka kengele nayo ikachoka.

"Haya, nimesikia," ndipo akasema. "Saa moja imefika." Akajifuta kwa kitenge, pale kwenye pindo lililokatwa. "Umekula nini?"

Kisha dada akataja kitu, sijui mkate gani na samaki wa kopo.

"Hicho si chakula," mama akasema, na nikasikia dada anacheka na kulia kwa pumzi moja, na wakaanza kuzungumza. Walizungumza mpaka salio likamwishia dada.

Mama aliinuka. Alikunja mkeka wa sebuleni, akaweka blanketi begani, akaenda hadi kwenye mlango wa baba. Nilitaka kumsaidia kuliondoa jiwe, akanizuia kwa kiganja. Alilisukuma mwenyewe kwa mguu mpaka ukutani. Akaingia. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwa nimeambiwa na bibi: alijibana pembeni, mgongo kwenye ukuta, mkeka ameukumbatia, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye njia nyembamba. Alimpa muda wa kutosha wa kupita. Alimwambia kwa Kinyiha aende salama, na aangalie ngazi ya mbele, ina ufa.

Kisha akaufunga mlango nyuma yake, yeye akabaki ndani, na nikasikia komeo likiingia mahali pake.